Mkono Usoni ni Ukabaji, Mguu Chini Je?

Jumamosi iliyopita nilikuwa na kipenga mdomoni katika uwanja wa saruji wa mtaani kwetu, mechi ya vijana wasiozidi miaka 18, na kosa kubwa kuliko yote lililotendeka jioni ile sikulipulizia. Kijana mmoja mrefu, mwenye mkono mzuri ajabu wa kutupa, aliruka pembeni kutafuta alama tatu. Aliyekuwa akimkaba alimjia mbio, mkono juu, kifua wima, kila kitu sawasawa. Kisha akausogeza mguu mbele kidogo, polepole, kama mtu anayetafuta ndara yake gizani. Mpira uliingia. Mtupaji alipotua alitua juu ya kiatu cha mwenziwe, kifundo cha mguu kikapinduka, na mlio wake tuliusikia sote hadi waliokuwa wameketi ukutani.

Nilipomwendea mkabaji sikuona chuki usoni mwake. Alikuwa ameduwaa. "Ami, mbona hiyo hufanywa," akaniambia. "Nimeiona kwenye simu. Hata refa hakupuliza." Na kweli, mimi refa wa siku ile sikuwa nimepuliza. Macho yangu yalikuwa juu, yakifuata mpira.

Wasomaji wa ukurasa huu mmezoea niandike mambo ya bandari, ya ardhi na ya kura. Leo nivumilieni. Basketi kwetu Pwani si mchezo wa kupitishia wakati tena. Timu za KPA, za wanaume na wanawake, zimeufanya ukumbi wa Makande kuwa jina linalotajwa Afrika Mashariki nzima, na mwaka 2025 Nairobi City Thunder iliingia Ligi ya Vikapu ya Afrika, BAL, ikawa timu ya kwanza ya Kenya kufika huko. Vijana wetu wanaona mlango umefunguka. Na shule yao kubwa ni ligi ya kulipwa ya Marekani, NBA, ambayo mechi zake nyingi huchezwa huku kwetu ikiwa ni saa tisa au kumi za usiku. Asiyeweza kukesha hutazama vipande vifupi asubuhi akienda shule. Katika vipande hivyo ujanja huonekana, sheria haionekani. Basi nimeona tuuchambue ujanja wenyewe, maana mwingine ni halali na ni sanaa ya kupendeza, mwingine ni upuuzi wa kuchekesha, na mwingine unavunja watu miguu.

Tuanze na mkono. Shane Battier hakuwa mrukaji mkubwa wala hakuwa mwepesi kupita wenziwe. Mwezi wa Februari 2009 mwandishi Michael Lewis alichapisha makala ndefu juu yake katika jarida la New York Times, wakati huo Battier akichezea Houston Rockets. Kazi yake ngumu kupita zote ilikuwa kumkaba Kobe Bryant wa Los Angeles Lakers. Wengi waliopewa kazi hiyo walijitahidi kuupangua mpira, wakaishia kumpiga Kobe mkononi na kumpa mitupo huru. Battier hakuugusa. Kila Kobe aliporuka kutupa, Battier aliinua kiganja akakiweka mbele ya macho yake, ili asiione pete ya kikapu. Basi. Mpira na utoke, lakini utoke kwa mtu asiyeona aendako.

Ukiniuliza, huo ndio ukabaji wenye akili kupita wote niliowahi kuutazama, na wataalamu wametueleza kwa nini una maana. Mwaka 1996 Joan Vickers wa Chuo Kikuu cha Calgary, Canada, aliyapima macho ya watupaji wa mitupo huru. Aliona kwamba walio hodari huyakaza macho mahali pamoja penye pete kwa muda mrefu zaidi kuliko wasio hodari, kabla mkono haujaanza kunyanyuka. Miaka sita baadaye, Uholanzi, Raôul Oudejans na wenzake waliwavisha wachezaji miwani inayoweza kufungwa na kufunguliwa ghafla, wakawaambia waruke na kutupa. Waliogundua ni hili: katika mtupo wa kuruka, jicho lina haja kubwa ya kuiona pete katika sehemu ile ya mwisho, chini ya nusu sekunde kabla mpira haujaachwa. Aliyeona mwanzo tu, kisha akafungwa macho, alitupa vibaya. Aliyefunguliwa macho mwishoni tu alitupa karibu sawa na aliyeona wakati wote. Kiganja cha Battier kilikuwa kikikifunga kidirisha hicho cha mwisho.

Hapa pana jambo ambalo vijana wetu hawalijui. Sheria ya NBA inakataza kumziba macho kwa mkono mchezaji asiye na mpira, hasa ukiwa nyuma yake. Mwenye mpira anayetupa hakutajwa humo, na ndiyo maana Battier alikuwa salama. Lakini mechi za kwetu, kuanzia ligi ya shirikisho la Kenya hadi michuano ya mitaani inayojali kanuni, huchezwa kwa sheria za FIBA, na FIBA inasema wazi kuwa kumzuia mpinzani asione, kwa kumpungia au kumwekea mikono karibu na macho, ni faulo ya kiufundi. Refa mwenye busara atautofautisha mkono ulionyooka juu kuuzuia mtupo na mkono uliokwenda kutafuta macho ya mtu. Lakini kijana atakayemwiga Battier sawasawa, kidole kwa kidole, asishangae akipigiwa kipenga.

Wako waliotafuta njia nyingine zisizo za macho. Tarehe 28 Mei 2014, mechi ya tano ya fainali ya Kanda ya Mashariki baina ya Indiana Pacers na Miami Heat, Lance Stephenson alimsogelea LeBron James wakati mchezo umesimama akampuliza sikioni. Pumzi tu, pyuu, kama mama anayepoza uji wa mtoto. Picha ile ilizunguka dunia nzima kabla ya jua kuchomoza huku kwetu. Pacers walishinda usiku ule kwa 93 kwa 90 na LeBron akafunga alama 7 peke yake, kwa hiyo wako wanaoapa mpaka leo kwamba ni ile pumzi. Mimi nawakumbusha kwamba LeBron alikaa uwanjani dakika 24 tu kwa sababu ya kuandamwa na faulo. Mechi iliyofuata Heat waliwapiga Pacers 117 kwa 92, wakaenda zao fainali. Pumzi haikufika mbali.

Kevin Garnett yeye alikuwa na desturi ya ajabu zaidi, na kwa maoni yangu iliyofikiriwa vizuri zaidi. Kipenga kikishalia na mchezo kusimama, wachezaji wengi huendelea na kuutupa mpira kikapuni hivi hivi, bila hesabu. Garnett aliuruka mpira huo na kuupangua usiingie. Hauhesabiwi, kwa nini ujisumbue? Kwa sababu mtupaji huishi kwa kuona mpira ukiingia. Aliyekosa mara tatu akapata nafasi ya kuutia mmoja wa bure hupata matumaini, na Garnett hakutaka kumwachia mtu hata tumaini. Ni roho mbaya, ndiyo, lakini haimuumizi yeyote.

Halafu kuna J.R. Smith wa New York Knicks. Januari 2014, wachezaji wamejipanga mstarini wakisubiri mtupo huru, Smith aliinama akamfungua Shawn Marion wa Dallas kamba ya kiatu. Ligi ikamwonya. Siku mbili baadaye akajaribu tena kwa Greg Monroe wa Detroit. Akatozwa faini ya dola 50,000. Kwa pesa hizo mtu angejenga madarasa kadhaa. Hili nalitaja kwa sababu limenichekesha miaka yote, wala sioni falsafa yoyote ndani yake.

Lakini silaha kali kupita mkono, pumzi na kamba ni ulimi, na hapo sisi Waswahili hatuhitaji mwalimu. Jumapili ya tarehe 1 Juni 1997, Chicago, mechi ya kwanza ya fainali. Bulls 82, Utah Jazz 82, zimebaki sekunde 9.2. Karl Malone wa Jazz, aliyetoka kuchaguliwa mchezaji bora wa msimu, amepewa mitupo huru miwili. Malone alikuwa na lakabu ya mtu wa posta, kwa kuwa haachi kufikisha mzigo. Akielekea mstarini, Scottie Pippen alimpitia karibu akamnong'oneza kumkumbusha kwamba mtu wa posta hafikishi barua siku ya Jumapili. Malone akakosa wa kwanza. Akakosa wa pili. Upande wa pili Michael Jordan akatupa mpira wa mwisho, Bulls wakashinda 84 kwa 82.

Aliyelelewa na taarabu anaijua nguvu ya neno kama hilo. Halina tusi, halina kelele, limesemwa kwa sauti ya chini, na limekatwa kwa kipimo cha mtu mmoja tu. Ukilitoa ukumbini hakuna wa kukushitaki, lakini aliyelengwa hulala nalo. Na angalia wakati alioutumia Pippen: kabla Malone hajapewa mpira. Sheria, ya NBA na ya FIBA pia, inawakataza wapinzani kumsumbua mtupaji wa mtupo huru akishakabidhiwa mpira. Kabla ya hapo ni maongezi.

Kwa nini neno lifanye kazi kwenye mtupo huru ambapo mkono usoni hauruhusiwi? Kwa sababu pale macho si shida. Novemba 1991 Jordan huyo huyo, akicheza dhidi ya Denver, alimgeukia Dikembe Mutombo, yule jitu mwema kutoka Kongo aliyefariki Septemba 2024, akiwa ndio kwanza ameanza kucheza katika ligi ile, akamtania, akafumba macho na kuutupa. Ukaingia. Mtupo huru mwili huujua kama ulimi unavyoijua njia ya kinywa. Adui aliyebaki ni fikra, na fikra huingilika kwa neno.

Mashabiki nao wamejaribu. Mtu yeyote aliyetazama mechi za NBA ameona nyuma ya kikapu watu wanapunga vijiti vya hewa, wanapiga kelele, wanavua mashati. Katika vyuo vikuu, ambako wakati ule wachezaji hawakuwa wa kulipwa, Arizona State ilianza mwaka 2013 kuweka pazia nyuma ya kikapu. Mtupaji akiinua mkono, pazia linafunguliwa na kioja kinajitokeza. Januari 2016 aliyejitokeza alikuwa Michael Phelps, bingwa wa kuogelea wa Olimpiki, akiwa na chupi yake ya kuogelea na medali zake shingoni. Maskini mtupaji alikosa yote miwili.

Hata hivyo hesabu za ligi ya kulipwa zinasema kelele ni kelele tu. Tobias Moskowitz na Jon Wertheim, katika kitabu chao cha mwaka 2011, walihesabu mitupo huru ya NBA ya takriban miongo miwili. Timu zikicheza nyumbani zilitia asilimia 75.9. Zikicheza ugenini, mbele ya vijiti vyote vile, zilitia asilimia 75.9. Sawasawa! Macho yaliyokazwa mahali pamoja kwenye pete hayaoni bahari ya mikono inayotikisika nyuma yake. Inakuwa kama mvua juu ya maji. Mmiliki wa Dallas wa zamani, Mark Cuban, aliwahi kujaribu fikra ya mwandishi mmoja kwamba mashabiki wasipunge ovyo, wayumbe wote upande mmoja kwa pamoja, ili mtupaji aone kama dunia inahama. Naye baadaye aliacha. Los Angeles Clippers hawajakata tamaa: ukumbi wao mpya uliofunguliwa 2024 una ukuta wa viti, safu 51 bila mwanya, nyuma ya kikapu wanachokitupia wageni. Tutaona miaka ikipita.

Kuna kelele moja lakini iliyonivutia, nayo ni ya kuhesabu. Giannis Antetokounmpo wa Milwaukee alikuwa na desturi ya kukawia mstarini, pumzi ndefu, mpira chini, mpira chini tena. Sheria ya NBA inampa mtupaji sekunde 10. Katika mchujo wa 2021 mashabiki wa ugenini walianza kumhesabia kwa sauti moja: moja, mbili, tatu! Hawakumpungia chochote. Walimkumbusha sheria tu, na kweli akawa anakosa, mara nyingine akapulizwa kwa kuchelewa. Kisha usiku wa Julai 20, mechi ya sita ya fainali, akiwa nyumbani, alitia 17 kati ya 19, akamaliza na alama 50 na ubingwa. Nawaachia nyinyi mtafute maelezo.

Na benchi? Mtupo wa alama tatu wa pembeni kabisa hutupwa mbele ya benchi, na mtupaji husikia sauti za wapinzani waliokaa mgongoni mwake kama majirani dirishani. Katika mchujo wa 2022 Dallas walikuwa wakisimama mpaka ukingoni mwa uwanja, wakipunga na kupiga makelele. Ligi iliwatoza faini mara tatu, jumla dola 175,000. Hapo NBA ilionyesha kuwa ina mpaka, ijapokuwa ni mpaka wa pochi.

Yote haya niliyoyataja, hata yale ya kijinga, yana kitu kimoja: mtupaji akishatua, anatua mzima. Ana hasira, amekosa, amechekwa, lakini miguu yake miwili iko chini yake. Ndipo tunapofika kwa kile kilichotokea uwanjani kwetu.

Mwaka 2000, mechi ya pili ya fainali baina ya Lakers na Indiana, Kobe Bryant aliruka kutupa na akatua juu ya mguu wa Jalen Rose. Kifundo kikateguka, akaikosa mechi ya tatu. Miaka mingi baadaye Rose mwenyewe alikiri hadharani kwamba haikuwa bahati mbaya. Nampa heshima ya kusema kweli. Lakini angalia alivyofanikiwa: kwa miaka yote ile tukio lile lilihesabiwa kuwa ajali ya mchezo, kwa sababu mguu haupandi juu kama mkono. Refa, mashabiki, hata kamera, wote wanafuata mpira.

Lililobadilisha mambo lilikuwa tukio la Mei 14, 2017, huko Oakland. San Antonio Spurs walikuwa wakiongoza Golden State kwa alama 23 katika robo ya tatu. Kawhi Leonard, nguzo yao, aliruka pembeni akatupa, na Zaza Pachulia akaja mbele mno, mguu wake ukaingia mahali pa kutulia Leonard. Pachulia alikana kwamba alikusudia, na mimi sina kipimo cha kupima nia ya mtu. Leonard alitoka, hakurudi tena katika duru ile. Golden State walishinda mechi ile 113 kwa 111 na duru nzima 4 kwa 0. Kuanzia msimu uliofuata NBA iliwaruhusu marefa kutazama marudio na kumpa mkabaji aliyeingiza mguu ovyo faulo nzito, ile inayoweza kumtoa mtu uwanjani. Hoja ya nia wakaiweka kando. Swali likawa moja: je, umemwachia mtupaji mahali pa kutua?

Lingine linalostahili kutajwa ni wingi wa mitupo yenyewe. Mstari wa alama tatu ulipoanza katika NBA msimu wa 1979-80, timu ilikuwa inatupa chini ya mara 3 kwa mechi. Siku hizi inatupa zaidi ya mara 35. Kila mtupo ni kuruka, kila kuruka ni kutua, na kila kutua kuna mkabaji anayekuja mbio. Na sitawapaka watupaji mafuta, maana nao wajanja: sheria ilipowalinda, wengine walianza kurusha miguu mbele na kujiegemeza kwa wakabaji ili wapate faulo za bure, mpaka msimu wa 2021-22 ligi ikalazimika kuwabana wao pia. Siku zote mwenye kulindwa hutafuta namna ya kuikodisha kinga yake.

Sasa nirudi kwetu, maana nilianza na kosa langu. Sheria za FIBA hazikusubiri mwaka 2017. Zinasema aliyeruka ana haki ya kutua, na kwamba kuingia chini ya mpinzani aliye hewani, mkagusana, kwa kawaida ni faulo ya utovu wa uanamichezo, na mara nyingine ni kufukuzwa kabisa. Imeandikwa. Mimi nimeisoma. Na bado Jumamosi ile nilikuwa nikitazama mpira ukiingia kama shabiki mwingine yeyote, kwa sababu nami hukesha kutazama NBA na jicho langu limezoeshwa na kamera inayofuata mpira. Waamuzi wa NBA wako watatu kwa mechi moja, na nyuma yao kuna marudio ya kila pembe. Mitaani refa ni mmoja, mara nyingine wawili, na aliyesimama nje anarekodi kwa simu kuelekea kikapuni. Kwa hiyo adhabu ambayo huko Marekani humfuata mkabaji hadi ofisini, huku haimpati hata kwa kipenga.

Kijana aliyeumia alikuwa na nafasi ya kujaribiwa mwezi ujao, shule moja iliyokuwa tayari kumsomesha kwa ajili ya mkono wake. Mama yake anauza mahamri na mbaazi asubuhi. Siku ya kwanza walimpeleka kwa bibi mmoja akandwe, siku ya pili mguu ulikuwa umevimba kama embe bivu, ndipo wakaenda kupiga picha. Mfupa haukuvunjika, alhamdulillahi, lakini kano zimechanika na daktari amesema wiki sita asikanyage uwanja. Picha, bandeji, magongo ya kukodi, yote yametoka katika pesa za unga. Nyota wa NBA akiteguka, klabu ina madaktari wake na mshahara wake unaendelea. Tofauti hiyo haionekani kwenye simu.

Nilimwendea yule mama nikamweleza kwamba kosa lilikuwa faulo na kwamba sikuipuliza. Akanitazama kwa muda. "Sasa ukipuliza leo, mguu utapona?" akaniuliza. Sikuwa na jibu, nikamwachia nilichokuwa nacho mfukoni.

Waandaaji wa michuano yetu nimewaomba mambo mawili, nao wamesema watayatazama. Kwanza, mechi yoyote ya vijana iwe na refa wa pili ambaye kazi yake ni miguu: mpira ukishatoka mkononi mwa mtupaji, yeye auache uende zake, abaki na mtupaji mpaka atue. Marefa waliofunzwa wanaijua kanuni hii. Sisi wa mitaani ndio huisahau. Pili, makocha wasiwakataze vijana kutazama vipande vya NBA, maana hawatawaweza. Wakae nao wavitazame pamoja, na kila kipande waulizane: hii ingekuwa nini kwa sheria yetu? Kiganja cha Battier, hapa ni faulo. Neno la Pippen, si faulo, mradi lisiwe tusi. Mguu wa Rose, hapa unakwenda nyumbani. Mkabaji wetu wa Jumamosi alikuja mbio vizuri, mkono wake ulikuwa mahali pake, na kama angesimama futi moja nyuma angekuwa amefanya kazi nzuri sana. Hakufundishwa hiyo futi moja. Tangu siku ile amekuwa akimbeba mwenziwe begi, na usiku wanatazama mechi pamoja kwenye simu moja.

Jana alasiri nilipita uwanjani. Aliyeumia alikuwa amekalishwa juu ya kreti la soda, mguu umefungwa na kuinuliwa juu ya tofali, magongo yamelazwa pembeni. Wenziwe wanacheza. Yule aliyemuumiza akapata mitupo huru miwili, akasimama mstarini akiudundisha mpira, na huyu wa kwenye kreti akaanza kumhesabia kwa sauti ya kuvuma: "Moja! Mbili! Tatu!" mpaka watoto wote wakamfuata. Walipofika saba mpira ukatupwa, ukagonga pete, ukatoka. Wakacheka mpaka wakalala chini.

Nikamwambia, "Mwanangu, hiyo kumi ni ya Marekani. Kwa FIBA mtupaji ana sekunde tano."

Akanigeukia kwa mshangao. "Tano, ami? Ina maana siku zote amekuwa akinila?" Kisha akamgeukia mwenziwe, ambaye alikuwa ameshapewa mpira wa pili, akaanza kuhesabu upya.